Kitaro, Rinne, Hozuki au Dandadan? Ulinganisho wa manga nne za kuchekesha kuhusu yokai wa Kijapani

Msomaji anayetaka kuingia katika manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za kuchekesha zinazohusu yokai, yaani viumbe wa ajabu wa masimulizi ya Kijapani kama vile mizimu, mazimwi, wanyama wanaojigeuza na hata vyombo vya nyumbani vilivyozeeka mpaka vikapata uhai, hukutana na vitabu vingi kupita kiasi. Manga za aina hii zimekuwa zikichapishwa kwa zaidi ya miaka sitini, na baadhi yake zina juzuu thelathini au arobaini, hivyo kuanza na ile isiyokufaa ni kupoteza muda na fedha. Katika makala haya nimeziweka nne bega kwa bega: GeGeGe no Kitaro ya Mizuki Shigeru, Kyokai no Rinne ya Takahashi Rumiko, Hozuki no Reitetsu ya Eguchi Natsumi na Dandadan ya Tatsu Yukinobu. Majina ya watunzi nimeyaandika kwa utaratibu wa Kijapani, jina la ukoo likitangulia.

Nimezichagua hizi kwa sababu zote zinachekesha kweli na zote zimeandikwa na watu wanaowapenda yokai, lakini hazifanani hata kidogo. Mtu aliyeipenda moja anaweza kuifunga nyingine kabla ya kufika ukurasa wa ishirini, na asiwe na kosa lolote.

Vigezo vya ulinganisho

Kigezo cha kwanza, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni chanzo cha kicheko: ni nini hasa kinachomchekesha msomaji, na je, kicheko hicho kinamwachia yokai heshima yake? Cha pili ni ukaribu wa manga na masimulizi ya jadi, kwa kuwa wapo wasomaji wanaotaka kuzijua imani za Wajapani, na wapo wanaotaka hadithi nzuri tu. Cha tatu ni muundo na urefu, kwani kisa kinachoisha ndani ya sura moja humfaa msomaji tofauti na yule anayetaka kisa kimoja kirefu kisichokatika. Cha nne ni michoro, cha tano ni umri wa msomaji, na cha mwisho ni upatikanaji kwa msomaji wa Afrika Mashariki na Kati, ambaye kwa kawaida atazisoma kwa Kiingereza au Kifaransa.

Visa vyenyewe kwa ufupi

Kitaro ni mtoto wa mwisho wa kabila la mizimu, aliyezaliwa kaburini baada ya mama yake kuzikwa. Ana jicho moja tu, na nywele zimemfunika upande wa kushoto. Baba yake alikufa, mwili ukaoza, lakini jicho lake moja likaota mikono na miguu ili lipate kumlea mwanawe. Kitaro hupokea barua za watu waliosumbuliwa na yokai kupitia sanduku la posta la yokai, kisha huenda kusuluhisha au kupigana. Mizuki alianza kumchora katika vitabu vya kukodisha mwaka 1960, na mwaka 1965 kisa kikaingia katika jarida la Weekly Shonen Magazine la kampuni ya Kodansha.

Rokudo Rinne ni mwanafunzi mwenye nywele nyekundu ambaye bibi yake ni shinigami, yaani kiumbe anayezisindikiza roho za wafu. Kwa kuwa babu yake alikuwa binadamu, nguvu zake hazitoshi kufanya kazi hiyo bila vifaa, na vifaa hununuliwa. Mwenzake ni Mamiya Sakura, msichana anayeona mizimu tangu utotoni na ambaye karibu hakuna kinachomshtua. Takahashi aliichapisha katika Weekly Shonen Sunday la Shogakukan kuanzia 2009 hadi 2017.

Hozuki ni zimwi lenye pembe moja katika paji la uso, msaidizi mkuu wa Enma, mfalme anayewahukumu wafu. Kwa kweli ndiye anayeiendesha jehanamu yote, kwa uso mkavu na rungu la chuma begani. Manga hii ilitoka katika jarida la Weekly Morning la Kodansha kuanzia 2011 hadi 2020.

Dandadan ilianza Aprili 2021 katika Shonen Jump+, jarida la mtandaoni la Shueisha. Ayase Momo anaamini mizimu na hataki kusikia habari za viumbe wa sayari nyingine, ilhali Takakura Ken, ambaye Momo humwita Okarun, anaamini viumbe wa sayari nyingine na hataki kusikia habari za mizimu. Wanawekeana dau: Okarun anaingia katika handaki linalosemwa kuwa na mizimu, Momo anakwenda katika hospitali iliyotelekezwa ambako inasemekana viumbe wa angani huonekana. Usiku huohuo wote wawili wanagundua kwamba mwenzake alikuwa sahihi.

Kicheko kinatoka wapi

Katika Kitaro, kicheko kinabebwa na Nezumi-otoko, Mtu-Panya, ambaye ni nusu binadamu na nusu yokai, hajaoga kwa mamia ya miaka, na yuko tayari kumuuza rafiki yake kwa bakuli la chakula. Mizuki hamchori kama adui. Humchora akijikuna, akipanga biashara, akimpigia magoti adui mpya asubuhi na kurudi kwa Kitaro jioni kana kwamba hakuna lililotokea, naye Kitaro humpokea. Ukisoma visa kadhaa utaona kwamba vingi vinaanza na tamaa ya Mtu-Panya, wala si uovu wa yokai. Pembeni yuko baba mwenye umbo la jicho, ambaye hupenda kuoga katika bakuli la chai lenye maji moto huku akimweleza mwanawe kwa utulivu udhaifu wa adui anayekuja kuwaua. Ucheshi huu ni wa polepole. Haukulazimishi ucheke, unakuacha ukitabasamu, na mara nyingine unacheka ukiwa umeshageuza ukurasa.

Rinne inachekesha kwa umaskini. Kila kifaa anachokitumia kina bei, na bei hiyo hutajwa kwa yen katikati ya pambano, hivyo msomaji anaona mzimu ukikaribia na wakati huohuo anamwona shujaa akijiuliza kama anaweza kumudu kuurudisha nyuma. Rinne anaishi katika jengo la shule lisilotumika tena, pamoja na paka wake mweusi Rokumon, na usiku hutengeneza maua ya bandia ili apate senti za chakula. Chanzo cha dhiki yake ni baba yake, Sabato, anayekopa kwa jina la mwanawe bila haya. Hapo ndipo ninapoona ulinganisho mzuri na Kitaro. Wanafunzi wenye shida huacha ombi lao pamoja na sadaka katika kibanda cha vipimo vya hali ya hewa kwenye uwanja wa shule, kama vile watu wa Kitaro wanavyotia barua katika sanduku la yokai. Kitaro hufika bila kudai malipo. Rinne hufika akitumaini kwamba sadaka itakuwa kitu cha kuliwa. Ombi ni lilelile la mtu aliyeogopa, ila Takahashi ameligeuza kuwa suala la riziki, na kwa msomaji anayejua kuhesabu nauli ya kurudi nyumbani kicheko hicho kina uzito wake.

Hozuki no Reitetsu inachekesha kwa kuifanya jehanamu kuwa ofisi. Kuna upungufu wa wafanyakazi, kuna bajeti, kuna ziara za kikazi kutoka jehanamu za nchi nyingine, na kuna bosi mwenye moyo laini, Enma, ambaye kila siku anakaripiwa na msaidizi wake. Kisa cha mwanzoni kabisa kinaonyesha njia yake yote. Momotaro, shujaa wa ngano maarufu aliyeyashinda mazimwi akiwa na mbwa, tumbili na ndege wa jamii ya kwale aitwaye kiji, anakuja jehanamu kutafuta ugomvi kwa kuwa tangu ushindi ule hana kazi nyingine ya kujivunia. Hozuki hampigi rungu. Anamhoji kama mwombaji wa kazi, anawaajiri wanyama wake watatu katika idara inayowaadhibu waliowatesa wanyama, na Momotaro mwenyewe anapelekwa kwenye duka la dawa la Hakutaku, mnyama mtakatifu wa Kichina mwenye tabia ya kuwafuatafuata wanawake. Ucheshi wa namna hii unategemea maneno kuliko vituko, na unamhitaji msomaji atulie. Asiyependa mazungumzo marefu atachoka, hata kama mada inamvutia.

Dandadan ni kinyume cha Hozuki kwa kila namna. Kicheko chake ni cha kasi na cha aibu. Turbo Baba, kikongwe anayekimbia kwa mwendo wa gari, anamlaani Okarun na kumpokonya sehemu zake za siri, na jitihada ya kuzirudisha ndiyo inayosukuma sehemu kubwa ya kisa. Najua kwamba kuisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kunaweza kumfanya mtu aiweke kando. Naomba asifanye haraka, kwa sababu Tatsu anajua jambo ambalo wengi wanaomwiga hawalijui: baada ya kicheko kikubwa huja huzuni isiyotarajiwa. Kisa cha Acrobatic Sarasara, mzimu wa mwanamke mwenye nywele ndefu anayecheza kwa mapozi ya kutisha, kinaanza kwa mbio na vurugu, kisha kurasa chache zinakaa kimya na kuonyesha maisha ya mama aliyempoteza binti yake. Ni kurasa ambazo zimewaliza wengi, na zinauma zaidi kwa kuwa muda mfupi kabla yake ulikuwa unacheka. Turbo Baba mwenyewe naye hatupwi: roho yake inaishia ndani ya sanamu ndogo ya paka wa bahati, na anakuwa mkaazi mkorofi wa nyumbani kwa Momo.

Jambo moja linaziunganisha zote nne, nalo linanifurahisha sana: katika kila moja yuko mwanamke mzee anayeogopwa. Kitaro ina Sunakake-baba, bibi anayerusha mchanga. Jehanamu ya Hozuki ina Datsue-ba, anayewavua wafu nguo kando ya Sanzu, mto ambao wafu huuvuka. Dandadan ina Turbo Baba. Rinne ina Tamako, ambaye ana sura ya kijana na humwadhibu mjukuu wake kila anapothubutu kumwita bibi. Ukitaka kuijua haraka tabia ya mtunzi, tazama anavyomchora huyo.

Ukaribu na masimulizi ya jadi

Anayetaka kujifunza ataivuna zaidi Kitaro. Mizuki, aliyezaliwa mwaka 1922 na kukulia Sakaiminato katika mkoa wa Tottori, alisimuliwa habari za yokai utotoni na bibi mmoja wa mjini hapo aliyeitwa NonNonba. Baadaye alitegemea michoro ya Toriyama Sekien wa karne ya 18 na maandishi ya Yanagita Kunio, mtaalamu aliyekusanya imani za vijijini mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi ya yokai aliowakuta katika maandishi hayo hawakuwa na sura inayojulikana. Nurikabe wa Kyushu, kwa mfano, alisimuliwa kama ukuta usioonekana unaomzuia mtu anayetembea usiku. Mizuki akampa umbo la ukuta mnene wenye macho na miguu, na leo hivyo ndivyo Wajapani wengi wanavyomfikiria. Ittan-momen, kitambaa kirukacho, anatoka masimulizi ya Kagoshima. Konaki-jiji, mzee anayelia kama mtoto na kuwa mzito kama jiwe akibebwa, anatoka Tokushima. Kwa maneno mengine, Mizuki aliyahifadhi masimulizi na wakati huohuo akayaumba upya, na msomaji makini atapenda kujua mpaka uko wapi.

Hozuki inafuata kwa karibu, lakini shamba lake ni lingine. Hapa kuna jehanamu ya Kibuddha iliyopangwa kwa utaratibu: nane za moto na nane za baridi, zikigawanywa katika idara 272, pamoja na waamuzi kumi ambao Enma ni mmoja wao. Picha ya jehanamu hizi ilienea Japani hasa kwa kitabu Ojoyoshu, kilichoandikwa na mtawa Genshin mwaka 985, na Eguchi anaitumia bila kuichakachua. Juu yake anaongeza wahusika wa ngano, kama yule sungura wa Kachikachi Yama anayepandwa na hasira kila akisikia mtu akimtaja tanuki, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa. Asiyezijua ngano hizo atacheka nusu. Anayezijua atacheka mara mbili.

Rinne inaazima mto Sanzu, gurudumu la kuzaliwa upya na mashinigami, lakini visa vingi ni vya mizimu ya kawaida yenye jambo isilolimaliza duniani: barua isiyofika, mapenzi yasiyosemwa, chakula kisicholiwa. Masimulizi ya jadi ni mandhari tu.

Dandadan nayo imejikita katika simulizi za mijini za siku hizi, kama ile ya kikongwe anayeyapita magari barabarani, na inazichanganya na habari za nje kabisa ya Japani, kwa mfano kiumbe kilichodaiwa kuonekana Flatwoods, West Virginia nchini Marekani, mwaka 1952. Anayetafuta yokai wa kale pekee atasumbuliwa na vyombo vya angani. Hata hivyo, nadhani Tatsu ana hoja: watu bado wanaendelea kutunga yokai, na simulizi inayopita mitandaoni leo ina haki ya kuchukuliwa kwa uzito kama ile ya kijijini.

Muundo na urefu

Kitaro inasomwa kuanzia popote. Visa vingi vinajitosheleza, ingawa kipo kile kirefu cha mwaka 1966 ambamo Kitaro na wenzake wanapambana na mazimwi ya Kimagharibi, akiwamo Dracula, katika vita vya kugombea kisiwa. Mizuki alipoteza mkono wa kushoto katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa Rabaul, katika Papua New Guinea ya leo, na mtu akisoma kisa hicho huku akilijua hilo, vichekesho vyake vinabadilika rangi.

Hozuki ina juzuu 31 na Rinne 40. Zote mbili zimekamilika, na zote zinakwenda kisa kwa kisa, hivyo unaweza kusoma sura moja kabla ya kulala na usisumbuke. Tofauti ni kwamba Hozuki haisogei popote na haijifanyi kusogea, ilhali Rinne inaahidi mapenzi kati ya Rinne na Sakura kisha inayacheleweshachelewesha kwa miaka. Wapo wanaoufurahia ucheleweshaji huo. Mimi nauona mrefu kupita kiasi baada ya juzuu ya ishirini hivi.

Dandadan lazima ianzwe sura ya kwanza, kwani ni kisa kimoja kinachoungana, na sura nyingi hukatika pale ambapo moyo unadunda. Asiyependa kuachwa njiani azingatie hilo kabla ya kuanza.

Michoro

Mizuki anaweka watu waliochorwa kwa mistari michache, kama vikaragosi, juu ya mandhari yenye maelezo mengi sana: jani kwa jani, jiwe kwa jiwe, giza la msitu likiwa limejengwa kwa vitone. Matokeo yake ni kwamba dunia inaonekana ya kweli kuliko binadamu waliomo. Tatsu naye ana maelezo mengi, lakini yanatumika kwa mwendo. Kurasa zake mbili zilizounganishwa zinapaswa kutazamwa kwanza, kisha zisomwe. Eguchi anakumbusha picha za zamani za Kijapani kwa mavazi na mpangilio wake, na anafurahia vitu vidogo, kama ile bustani ya Hozuki ya mimea inayozaa samaki wa dhahabu wanaolia. Takahashi, aliyepewa tuzo kuu ya tamasha la Angoulême nchini Ufaransa mwaka 2019, anachora kwa uwazi usio na kishindo: kila uso unasomeka, kila kichekesho kinafika kwa wakati wake.

Umri wa msomaji

Rinne ndiyo salama zaidi kwa kijana wa miaka kumi na miwili au mitatu. Kitaro pia iliandikwa kwa watoto, ingawa visa vya mwanzo kabisa vina makaburi na maiti kwa namna inayoweza kumtisha mdogo. Hozuki ilitoka katika jarida la watu wazima. Mateso ya jehanamu yanaonyeshwa waziwazi kama kazi ya kila siku, na mazungumzo yake yanamfaa mtu aliyekwisha kufanya kazi chini ya bosi. Kuhusu Dandadan nitasema bila kuzunguka: sura ya kwanza ina tukio la viumbe wa angani wanaomvua Momo nguo wakitaka kumdhuru, na utani wa sehemu za siri haukomi. Si manga ya mtoto, na hata mtu mzima ana haki ya kujua hilo mapema. Mzazi ambaye imani yake haimruhusu kuchukulia mambo ya mizimu na kuzaliwa upya kama mzaha ajue kwamba zote nne zinafanya hivyo. Asome mwenyewe kwanza.

Upatikanaji

Dandadan ndiyo rahisi kuifikia kwa mwenye simu tu, kwa kuwa programu ya MANGA Plus ya Shueisha inatoa kwa Kiingereza sura za mwanzo na za karibuni bila malipo, na vitabu vyake vinachapishwa na Viz Media. Viz pia imetoa juzuu zote 40 za Rinne kwa jina la RIN-NE. Kitaro kwa Kiingereza imetolewa na Drawn & Quarterly ya Kanada katika mfululizo wa vitabu vidogo unaoanza na The Birth of Kitaro cha mwaka 2016, vilivyotafsiriwa na Zack Davisson, ambaye mwishoni ameongeza maelezo kuhusu yokai waliotajwa; kurasa hizo peke yake zinatosha kumshawishi mtu anunue. Msomaji wa Kifaransa, aliyeko Kongo au Burundi kwa mfano, ataitafuta Kitaro ya kampuni ya Cornélius. Hozuki haijasambaa sana nje ya Japani kama hizi nyingine, na kwa wengi mlango wa karibu ni anime yake, yaani katuni ya televisheni, ya mwaka 2014.

Nani aanze na ipi

Kama hujawahi kusoma manga na unataka kuwajua yokai kwa majina na mikoa yao, anza na Kitaro, na usisahau kwamba kitabu kinafunguliwa upande ambao kwetu ni wa nyuma na visanduku vinasomwa kuanzia kulia.

Kama unamtafutia kijana wa shule kitu cha kusoma kwa Kiingereza, chenye sentensi fupi na kisa kinachoisha siku hiyohiyo, mpe Rinne, juzuu mbili au tatu kwanza, si arobaini kwa mpigo. Mtu mzima aliyechoshwa na mashujaa wanaopigana na anayependa dini, sheria na siasa za ofisini ataridhika na Hozuki, hasa akisoma kidogokidogo. Akiwa hajui ngano ya Momotaro, aitafute kwanza, maana ni fupi na itamlipa mara moja.

Ukiwa na miaka kumi na minane au zaidi, unapenda mapenzi ya vijana yanayokua kwa aibu, na huhofii ucheshi wa chini ya kiuno, fungua Dandadan usiku wa kuamkia siku isiyo ya kazi. Ukiona sura tatu za kwanza zimekuchosha kwa kelele, usiendelee kwa kuona haya. Nenda kwa Kitaro, kisha urudi baada ya kuwazoea yokai wenyewe.

Na ikiwa unachotaka hasa ni upole kuliko kicheko, basi hakuna hata moja kati ya hizi itakayokukata kiu. Tafuta Natsume Yujincho ya Midorikawa Yuki, kuhusu kijana aliyerithi daftari la majina ya yokai kutoka kwa bibi yake na anayeyarudisha majina hayo moja baada ya jingine, akilindwa na kiumbe mnene mwenye sura ya paka anayependa pombe.